Waliochelewa Kuingia: Udugu wa Wanawake katika Nchi ya Ngara

Wilaya ya Ngara iko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mahali Mto Ruvubu, ukitoka Burundi, unapokutana na maji yatokayo Rwanda na kuufanya Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Nayo ni nchi ya vilima, migomba na maharage, iliyogawanyika tangu kale katika milki mbili, Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi, na mashariki yake iko Biharamulo, iliyokuwa makao ya milki ya Rusubi na maskani ya Wasubi, Wazinza na Wasumbwa. Desturi za Bugufi zina nasaba moja na za Burundi, na ni mapatano ya Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyoiacha Bugufi upande wa Tanganyika. Historia ya nchi hizi imeandikwa aghalabu kwa majina ya wafalme, ya maakida na ya mabwana shauri, na kwa habari za mipaka waliyogombania. Insha hii inakusudia habari nyingine, ambayo kwa maoni yangu ina haki ya kukumbukwa kama zile: udugu ambao wanawake wa nchi hii waliuingia kwa hiari yao au kwa kusukumwa na dhiki, na hasa hali ya yule aliyeuingia akiwa amekwisha kupita umri ambao wenziwe waliuingia.

Ili kuona kwa nini jambo hili lilikuwa zito, yapasa kukumbuka kwamba katika ndoa za nchi hii mwanamke ndiye aliyehama. Mwanamume alizaliwa juu ya kilima cha baba yake, akakua hapo, akaoa hapo, akazikwa hapo, akizungukwa siku zote na ndugu wa ukoo mmoja. Ilhali mke wake aliletwa kutoka kilima kingine, akaingia katika nyumba ya watu waliojuana tangu utoto wao, naye peke yake hakuwa na kumbukumbu ya pamoja nao. Mashamba na mifugo vilipita mikononi mwa wanaume, na baraza ya hukumu ilikuwa yao. Kwa hiyo mwanamke alianza maisha yake ya utu uzima akiwa mgeni, na kama alitaka kuwa na watu wake mahali pale alipoolewa, ilimlazimu kuwapata kwa njia isiyokuwa ya damu. Udugu wa kuingia, si wa kuzaliwa nao, ulikuwa kwake haja ya kila siku, na kwa kuwa haja hiyo ilianza siku ya ndoa au baadaye, haikuwezekana mlango wake uwe wa wasichana peke yao.

Ni vema kupima jambo hili kwa mfano wa mbali. Huko Marekani, tangu karne ya 19, wanafunzi wa kike wa vyuo vikuu wamekuwa na vyama vya udada vyenye viapo, nishani na siri zake. Chama kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kilianzishwa mwaka 1851 katika chuo cha wanawake cha Wesleyan, mjini Macon, Georgia. Na mwaka 1908 wanafunzi wanawake weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, waliasisi Alpha Kappa Alpha, cha kwanza cha namna hiyo miongoni mwa watu wao. Desturi ya vyuo vingi ni kwamba msichana aombe kuingia katika mwaka wake wa kwanza au wa pili, na yule anayeomba katika mwaka wa tatu au wa nne hutazamwa kwa mashaka, kwa sababu mbili zilizo dhahiri: atakaa na wenziwe miezi michache tu kabla ya kuhitimu, na wale watakaomfundisha taratibu za chama watakuwa wadogo wake kwa miaka na kwa masomo. Lakini vyama vya wanawake weusi viliuondoa uzito wa sababu ya kwanza kwa kufanya uanachama kuwa wa maisha yote na kuweka matawi ya waliokwisha kuhitimu, ambamo mwanamke mwenye kazi, mume na watoto huweza kuapishwa kwa mara ya kwanza. Na hapo kuchelewa kukapungua ubaya wake, kwa kuwa kilichohesabiwa kilikuwa miaka ya huduma iliyobaki mbele. Maswali hayo mawili, la muda uliobaki na la kumtii aliye mdogo, ndiyo nitakayoyafuata katika habari za Ngara, kwa maana wanawake wa huko walikuwa wameyajibu kabla ya chuo chochote kujengwa katika nchi yao.

Udugu wa kwanza tunaoujua ni ule wa kubandwa, yaani wa kuingizwa katika ibada ya roho kuu. Mila hii ilienea katika nchi za maziwa makuu, kuanzia Bunyoro na Nkore hata Buhaya, Rwanda, Burundi na Buha, na mashariki yake ikapita kwa Wasumbwa hadi Unyamwezi na Usukuma, ambako ilijulikana kama Buswezi na ikaandikiwa habari zake na Hans Cory mwaka 1955. Rwanda ilimtukuza Ryangombe, na Burundi pamoja na jirani zake wa Bugufi walimtukuza Kiranga. Masimulizi ya Rwanda yanasema kwamba Ryangombe alikuwa mwindaji mkuu, akaonywa na mama yake asiende mawindoni siku moja kwa sababu ya ndoto mbaya aliyoiota, naye akaukaidi usia ule, akauawa na nyati, akafia chini ya mti wenye maua mekundu ambao tangu hapo ukawa mti mtukufu wa waumini wake. Na sahaba zake, kwa uchungu wa kumpoteza, wakafa pamoja naye. Hivyo, hata katika asili yake, udugu huu ulijengwa juu ya maonyo ya mwanamke yaliyopuuzwa na juu ya uaminifu wa rafiki uliovuka kifo.

Aliyeingizwa hakuingia kwa kuandikwa jina tu. Aliletwa na watu wawili waliosimama kuwa baba yake na mama yake katika mila. Alitishwa, akatukanwa na kujaribiwa kwa maneno yaliyokuwa kinyume cha murua wa kila siku. Akaapa kutotoa siri. Akapewa jina jipya. Na akatoka humo akiwa mtoto mchanga wa jamaa mpya. Ilikuwako daraja ya pili, ambayo Wanyarwanda waliifananisha na kurudishwa juu ya kiti, na aliyekwisha kuipita ndiye aliyekuwa na idhini ya kuwaingiza wengine. Mambo mawili hapa yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni kwamba wanawake waliingia kwa ukamilifu ule ule wa wanaume, na ndani ya ibada waliweza kuchukua mavazi, silaha na sauti za kiume, wakasema kwa mamlaka mbele ya watu ambao katika baraza ya kawaida wasingewapa nafasi ya kusema. Na mwanahistoria Iris Berger, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1981 juu ya dini na upinzani katika falme za Afrika ya Mashariki, ameonyesha jinsi mila hii ilivyowapa wanawake hadhi waliyoikosa penginepo. Katika makao ya kifalme ya Burundi alikuwako mwanamke, Mukakiranga, aliyehesabiwa kuwa mke wa Kiranga, naye alikuwa na heshima kubwa katika sherehe za ufalme.

La pili ndilo linalohusu maudhui yetu. Katika udugu huu ukubwa haukuhesabiwa kwa kuzaliwa bali kwa kuingia. Mwanamke mwenye wajukuu, akija kuomba kuingizwa kwa sababu ya maradhi ya mtoto wake au kwa sababu mpiga ramli amemwambia kwamba Kiranga anamdai, alikuwa mwana mbele ya kijana aliyemtangulia, na ilimpasa kumpa adabu ya mzazi. Na wengi walikuja katika umri kama huo, kwani dhiki zilizowaleta, yaani utasa, vifo vya watoto, ugonjwa usiopona na ugomvi wa nyumba, ni dhiki ambazo kwa kawaida msichana hajazionja. Fauka ya hayo, palikuwa na hofu ya mwisho: Wanyarwanda walisema kwamba roho za walioingizwa hukaa kwa raha pamoja na Ryangombe juu ya mlima Karisimbi, na roho za wasioingizwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Kwa imani kama hiyo hakuna aliyeweza kumwambia bibi kizee kwamba wakati wake umepita. Muhula wa kuingia ulikuwa mmoja tu, nao ni kifo. Swali la muda uliobaki lilijibiwa kwa kulivusha ng'ambo ya kaburi, na swali la kumtii aliye mdogo lilijibiwa kwa kumzaa upya yule aliyechelewa, ili umri wake wa zamani usiwe hoja.

Wamisionari walipofika waliona katika kubandwa adui mkubwa kuliko wote, wakamtaka kila aliyetaka ubatizo aiache mila hiyo kwa dhahiri. Hata hivyo, bila ya kukusudia, walileta milango mingine miwili ambayo wanawake wa nchi hizi waliipita kwa mwendo uliofanana na ule wa kale. Mlango wa kwanza ulikuwa nyumba ya watawa. Mwaka 1910 huko Bwanda, karibu na Masaka katika Uganda, ulianzishwa chini ya malezi ya Masista Weupe utawa wa Bannabikira, wa mwanzo miongoni mwa wanawake Waafrika wa pande hizi. Mfano wake ukavuka mpaka, ukaamsha hamu ya utawa kwa wasichana wa magharibi ya Ziwa Nyanza. Vikarieti ya Bukoba, iliyoundwa mwaka 1929, ilizihudumia pia nchi za Ngara na Biharamulo, na mwaka 1960 jimbo lenye makao yake huku likapewa jina la Rulenge, ambalo tangu mwaka 2008 linaitwa Rulenge-Ngara.

Sheria ya Kanisa iliweka umri wa chini wa kuanza unovisi, miaka 15 katika sheria za mwaka 1917 na miaka 17 katika zile za mwaka 1983, na ikamkataza mtu ambaye ndoa yake ingali hai. Lakini haikuweka umri wa juu kwa Kanisa zima, ikaziachia jumuiya zenyewe, na mjane hakufungiwa mlango. Cheo cha heshima katika nyumba za watawa kilifuata kwa desturi siku ya kuweka nadhiri. Kwa hiyo yule aliyekuja baada ya kufundisha shule miaka kadhaa, au baada ya kuwazika wazazi aliokuwa akiwatunza, alikaa nyuma ya binti aliyeweza kuwa mwanafunzi wake, akajifunza kutoka kwake namna ya kusali, ya kunyamaza na ya kuomba ruhusa. Yeyote anayejua jinsi umri unavyoheshimiwa katika jamii zetu ataelewa kwamba tendo hilo, linaloonekana dogo, lilikuwa sadaka kubwa kuliko ya kuacha mali.

Mlango wa pili ulikuwa uamsho. Gahini, mashariki ya Rwanda, palikuwa na misheni ya Kianglikana na hospitali alimofanya kazi daktari Joe Church, naye pamoja na Waganda kama Simeoni Nsibambi na ndugu yake Blasio Kigozi, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka 1936, walichochea moto wa toba ulioenea upesi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Ngara, iliyokuwa jirani ya Rwanda na Burundi, haikuweza kukosa habari hizo, na Walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, wakawa sehemu ya maisha ya Kanisa la Kianglikana katika nchi hii, ambalo leo Dayosisi yake ya Kagera ina makao Murgwanza. Katika ushirika wao mtu aliingia kwa kusimama mbele ya wenziwe na kutoa ushuhuda wa dhambi alizoziacha, akapokelewa kwa wimbo na kukumbatiwa, na tangu siku hiyo aliitwa ndugu au dada na watu wa makabila na mataifa aliyokuwa hajapata kuyaona. Mwanamke mtu mzima alikuwa na ushuhuda mrefu kuliko wa msichana, na katika udugu ambao sharti lake lilikuwa kusema kweli juu ya maisha yaliyopita, miaka yake haikuwa deni tena, ikawa mtaji. Hapo ndipo pana tofauti kati ya uamsho na kubandwa: kule aliyechelewa aliuvua umri wake kabla ya kuingia, na huku aliingia nao, akauweka wazi mbele ya wote, ukawa faida ya waliotangulia.

Baada ya uhuru, dola nayo ilifungua mlango. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulianzishwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, mwanamke ambaye nguvu zake za kuwakusanya wenzake zilitokana kwa sehemu kubwa na vyama vya ngoma vya Dar es Salaam. Na mwaka 1972 wanawake Wakatoliki wa nchi nzima wakaungana katika WAWATA. Lakini kwa vilima vya Ngara naona kwamba jambo lililowagusa wengi zaidi lilikuwa kisomo. Mwaka 1968 mikoa ya ziwa, pamoja na Ziwa Magharibi ambamo Ngara na Biharamulo zilikuwa wakati ule, ilichaguliwa kwa jaribio la kufundisha watu wazima kusoma kwa njia ya kazi zao, kwa msaada wa UNESCO; na Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Madarasa yale yalijaa wanawake. Mama aliyekaa chini ya mti akishika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe, akifundishwa na kijana aliyemaliza darasa la saba, alikuwa anarudia kwa sura mpya adabu ile ile ya kumtii mtangulizi aliye mdogo. Na waliokuwa darasa moja walitoka humo wakiwa na jambo la pamoja ambalo ukoo wa waume zao haukuwapa.

Vyuo vikuu navyo viliguswa na swali la umri. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali atangulie kulitumikia taifa na kufanya kazi kwa miaka miwili, ili aje chuoni akiwa amekomaa na amependekezwa na wenzake wa kazini. Nia ilikuwa njema, lakini kwa wasichana ilidhihirika upesi kwamba miaka ile ya kungojea ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, idadi yao ikapungua, na baada ya muda mfupi sharti hilo likaondolewa kwao. Funzo lake lafaa kukumbukwa: kumwambia mwanamke aje baadaye bila ya kumwekea mlango utakaokuwa wazi baadaye ni sawasawa na kumwambia asije. Kubandwa na uamsho havikuwahi kumwambia angoje. Vilimwambia tu kwamba siku atakayokuja atapokelewa.

Nchi hii imepokea pia wageni wa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda walipewa makazi Muyenzi, wilayani Ngara. Na mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, wakaifanya Benako kuwa kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Na Warundi nao walikaa katika kambi ya Lukole kwa miaka mingi. Mwanamke aliyefika katika kambi hizo alikuwa amepoteza kwa pamoja kilima cha baba yake na kilima cha mume wake, na mara nyingi mume mwenyewe. Na kwake udugu wa kuingia, uwe wa sala, wa kusuka mikeka au wa kuteka maji kwa zamu, ulikuwa ndio ukoo pekee uliosalia.

Siku hizi udugu unaoonekana zaidi vijijini ni wa vikoba, ambamo wanawake huweka akiba, hununua hisa na kukopeshana. Vyama hivi vimeleta manufaa makubwa, nami sivilaumu; lakini kwa upande wa waliochelewa vina ugumu ambao udugu wa kale haukuwa nao. Mzunguko wa kikoba huwa aghalabu wa mwaka mmoja, na mwenye kutaka kuingia katikati hana budi ama kulipa yote waliyolipa wenzake tangu mwanzo, ama kungojea mpaka mgawo ufanyike na mzunguko mpya uanze. Sababu yake ni ya insafu, kwa kuwa faida ya fedha lazima igawanywe kwa kadiri ya fedha iliyowekwa. Hata hivyo yatupasa kutambua kwamba hapa kuchelewa kumepata bei, na aliye fukara, ambaye ndiye mwenye haja kubwa, ndiye ambaye bei hiyo humshinda. Busara ingekuwa kuziacha fedha zifuate hesabu yake, na huku mikutano ya kikoba, mazishi, arusi na kuuguzana vifuate kanuni ya kale, ili mwanamke apokelewe kuwa dada leo hata kama hisa zake zitaanza mwakani.

Nimeyaeleza haya kwa ajili ya mabinti wa Ngara na Biharamulo ambao leo wako katika vyuo vya Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Vyuo vyetu havina vyama vya udada vya viapo na nishani kama vya Marekani; vina jumuiya za dini, vyama vya watu wa mkoa mmoja, vya taaluma na vya kusaidiana, na wengi humaliza mwaka wa kwanza na wa pili bila ya kuingia hata kimoja, ama kwa haya, ama kwa wingi wa masomo, ama kwa kudhani kwamba hawahitaji mtu. Kisha katika mwaka wa mwisho, mmoja wao anapofiwa au anapougua, au anapotazama mbele na kuona kwamba atatoka chuoni akiwa na cheti lakini hana watu, hutamani kuingia, na papo hapo hujizuia kwa kusema kwamba wakati umepita na kwamba ni fedheha kuongozwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kwake historia ya nchi yake ina jibu lililo thabiti. Mama zake waliingia katika udugu wakiwa wake za watu, wajane, wagonjwa na wakimbizi, na aghalabu hawakuingia mapema. Wakakubali kuwa watoto wa waliowazidi kwa kuingia tu, na kwa kukubali huko wakapata haki ya kuwapokea wengine baada yao. Aingie, basi, na asiombe radhi kwa kuchelewa. Ila asidai heshima ya umri wake mbele ya waliotangulia, wala asiingie nusu nusu kwa hoja kwamba miezi ni michache, kwani anachokiingia hakikomi siku ya mahafali. Na wale waliotangulia, hata kama ni wadogo, wajue kwamba wajibu wa kumlea ni wao, kama ulivyokuwa wa kila mtangulizi katika vilima vile, na kwamba udugu unaomfungia mlango aliyechelewa umeikosa kazi ambayo wanawake wa Ngara waliuwekea udugu tangu kale.